Swali la Kumi na Nne

Ariel Techera alikuwa amekwisha kuandaa uso wa mtu anayesingiziwa, na uso wa namna hiyo Inspekta Zulma Berrutti hakuupenda hata kidogo. Katika miaka yake ishirini na miwili ya upelelezi alikuwa ameuona kwa watu wengi. Nusu yao walisingiziwa kweli, nusu walikuwa wezi, na uso ulikuwa uleule.

"Kaa," alimwambia, ingawa ofisi ilikuwa ya Techera na kiti kilikuwa cha Techera.

Walikuwa ghorofa ya pili ya Daftari la Taifa la Akili Mnemba, katika jengo kuukuu la Ciudad Vieja, mtaa wa kale wa Montevideo, lenye lifti inayopanda pale inapojisikia. Hapo ndipo kila mashine inayojifanya kufikiri hupewa daraja kabla haijaruhusiwa kufanya kazi kati ya watu. Daraja la kwanza ni za kuchezea na za kupanga barua. La pili ni zile zinazomshauri mtu, halafu mtu mwenyewe akaamua. La tatu ni zile zinazoamua zenyewe mambo ya maisha ya watu. La nne ni marufuku. Mgonga muhuri alikuwa Techera, na muhuri alioigongea mashine iitwayo Calandria ulikuwa wa daraja la pili.

Calandria ilipanga foleni ya upasuaji wa moyo katika hospitali moja kubwa ya jijini. Jumamosi kabla ya uchaguzi, dereva wa teksi aitwaye Washington Olivera alikuwa wa tisa katika foleni hiyo. Jumatatu alikuwa wa mia moja na arobaini. Binti yake, Yanina, alipokwenda kuuliza, aliambiwa kuwa hospitali hailazimiki kutoa sababu, kwa kuwa mashine ni ya daraja la pili. Ingekuwa ya daraja la tatu, sheria ingempa baba yake haki ya kutazamwa upya na daktari binadamu ndani ya saa arobaini na nane, na neno la daktari huyo lingeishinda orodha. Kwa daraja la pili orodha ilikuwa orodha, na hakuna daktari wa wodi aliyeweza kumsogeza mtu hata nafasi moja. Madaktari hao hao walikuwa wamemnong'oneza Yanina kwamba kwa valvu ile ya moyo, baba yake asipopasuliwa, hataimaliza Novemba akiwa hai.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, tarehe sita Novemba. Daraja lingeweza kupandishwa papo hapo kwa njia moja tu: kuthibitisha kuwa walioiandikisha mashine walidanganya kwenye fomu. Ndiyo maana Zulma alikuwa pale, na ndiyo maana alianza na mgonga muhuri.

"Kwenye rasimu uliandika daraja la tatu," alisema. "Kwa penseli. Halafu ukafuta."

"Sikufuta. Nilisahihisha."

"Kifutio hakijui tofauti hiyo, bwana Techera."

Techera akajieleza, na kwa kweli alijieleza vizuri. Fomu ilikuwa na maswali thelathini na moja, lakini lililokuwa na uzito ni la kumi na nne: je, kila pendekezo la mashine husomwa na mtaalamu binadamu kabla halijatekelezwa? Ukijibu hapana, mashine inaamua yenyewe, nayo ni ya daraja la tatu. Ukijibu ndiyo, inashauri tu, nayo ni ya pili. Mwanzoni kampuni iliyoiunda Calandria ilikuwa imeacha kisanduku hicho wazi, naye akaandika tatu. Alasiri ileile wakaleta jibu: ndiyo, kila pendekezo husomwa na Daktari Rúben Silveira, bingwa wa upasuaji. Naye akaandika mbili.

"Na uliwaamini?"

"Sheria haikunituma niamini wala nisiamini, Inspekta. Imenituma nitazame kisanduku."

Zulma alimuuliza nani alimpigia simu alasiri hiyo. Techera alikohoa, akasema mkurugenzi wake, ila aliuliza tu kama kazi imekwisha. Zulma akamuuliza chakula cha mchana alikula na nani. Na injinia Arocena wa kampuni, akasema, walikula chivito, mkate wa nyama, pale kona, na kila mtu alijilipia.

"Sijakuuliza nani alilipa."

"Wote huwa wanauliza baadaye. Nimeona nikupunguzie safari."

Zulma aliandika jibu hilo lote, neno kwa neno, na chini yake akapiga mistari miwili. Mtu anayelijibu swali kabla halijaulizwa amekwisha kulijibu mbele ya kioo. Alihisi kuna jambo limefichwa hapo, na kama angekuwa na wiki nzima angemkalia Techera mpaka amkamue. Lakini hakuwa na wiki. Aliomba viambatisho.

Kila Jumatatu kampuni ilikuwa inaleta kumbukumbu za kazi ya daktari za wiki iliyopita, na kila Jumatatu Techera alikuwa anazifunga uzi na kuzitia kabatini. Alipoulizwa kama amewahi kuzisoma, alishangaa kweli. Sheria ilimtaka ahakikishe zimeletwa.

Zulma alizisoma yeye, palepale kwenye meza ya Techera, kwa muda wa saa mbili, huku mwenye ofisi akizunguka chumba kama mgeni kwake. Alikuwa na hakika ya atakachokiona: idhini moja kila sekunde, kidole kikibonyeza pasipo jicho kusoma. Hakukiona. Daktari Silveira alitumia sekunde arobaini kwa faili moja, dakika tatu kwa lingine. Mchana alisimama dakika thelathini na tano za kula. Kuna mahali alipotea dakika sita, bila shaka kwenda haja. Mei Mosi hakufanya kazi, wala Agosti ishirini na tano, sikukuu ya uhuru. Jumapili alifanya. Kumbukumbu zilikuwa za binadamu kabisa, na jambo hilo lilimuudhi Zulma kuliko kama angeona wizi wa wazi.

Faili la Washington Olivera alilipata katika bunda la pili kutoka mwisho: Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Lilisomwa kwa dakika moja na sekunde kumi na nane. Pendekezo la mashine, ashushwe. Uamuzi wa daktari, nimekubali.

* * *

Injinia Federico Arocena alimpokea mlangoni mwa hospitali akiwa na tabasamu na kadi ya kumpitisha kila mahali. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, themosi ya maji moto kwapani. Alisema amefurahi sana kwamba hatimaye serikali imekuja kujionea yenyewe. Zulma, ambaye hajawahi kuona mtu akifurahia kuchunguzwa, alimwambia atangulie.

Chumba cha ukaguzi kilikuwa ghorofa ya nne, mwisho wa ukumbi. Kilikuwa na kompyuta moja, kiti kimoja, koti jeupe kwenye msumari, na juu ya meza kibuyu cha kunywea mate, ile chai chungu ya majani, pamoja na mrija wake. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama chumba cha maonyesho dukani. Arocena alieleza kwamba daktari hufungua mashine kwa kadi yake na nenosiri lake, husoma faili, kisha hukubali au hukataa.

"Anaweza kufanya kazi hii akiwa nyumbani?"

"Haiwezekani. Ni siri za wagonjwa. Ni kompyuta hii tu, ndani ya chumba hiki tu. Tuliandika hivyo kwenye fomu."

"Kwa hiyo jina lake likionekana kwenye kumbukumbu, alikuwa kwenye kiti hiki?"

"Kiti hicho hicho, Inspekta."

Zulma alimwomba ayaandike maneno hayo na kuyatia sahihi, kwa ajili ya jalada lake. Arocena aliandika kwa mwandiko mzuri. Wakati huo Zulma alikiinua kibuyu na kukinusa. Kibuyu kinachotumika hunuka majani machungu hadi kizeeke, hata ukikisuguaje. Hiki kilinuka vanishi. Hakuna mtu aliyewahi kunywea humo, na alikiweka chini taratibu, kwa sababu kibuyu kipya si kosa mbele ya hakimu yeyote.

"Daktari yuko wapi?"

Yuko kwenye upasuaji, Arocena alisema, atatoka saa tisa. Zulma alisema kwamba hana haraka, jambo ambalo halikuwa kweli, halafu akauliza kuhusu Jumapili ile.

"Alikuwa hapa," Arocena alisema. "Silveira hukaa Jumapili zote. Utaona mwenyewe, alianza saa moja na nusu asubuhi, akamaliza saa moja usiku. Mafaili mia mbili na kumi na mawili."

"Siku ya uchaguzi."

Arocena alisita, lakini kidogo sana. "Alitoka akapiga kura akarudi, kama sisi wote. Mimi shule ninayopigia iko nyuma ya nyumba yangu pale Pocitos. Dakika kumi, umemaliza."

Jibu lilikuwa zuri, na lingepita kwa mtu wa Montevideo. Mtu wa Montevideo hupiga kura hatua mia tatu kutoka kitandani kwake, na hudhani nchi nzima inalala pale pale. Zulma alikuwa mtu wa Tacuarembó, mkoa wa kaskazini. Alikuwa ameishi mjini tangu ana miaka kumi na tisa, lakini kadi yake ya kura hakuihamisha, na kila uchaguzi alipanda basi usiku akaenda kupiga kura katika shule alikofundishwa kusoma, akala kwa dada yake, akarudi Jumatatu miguu imevimba. Watu wa mikoani wako hivyo. Kuhamisha kadi ni sawa na kuwaambia wa nyumbani kwamba hutarudi tena, na mtu haruhusiwi kupigia mahali pengine ila pale kadi yake ilipoandikishwa.

Na Silveira ni jina la mpakani, kule kaskazini kabisa.

Alimshukuru Arocena, akasema anatafuta choo, akashuka ngazi hadi ghorofa ya chini, kwenye ofisi ya watumishi.

Mwanamke aliyekuwa zamu pale alikuwa na miwani kwenye mnyororo, na mbele yake sanduku la kadibodi lililojaa vikaratasi. Zulma hakuhitaji kuuliza ni vya nini. Kura ni lazima, na mtumishi wa umma asiyeleta kikaratasi cha kuthibitisha kuwa amepiga kura hapati mshahara wa mwezi. Hospitali nzima ilikuwa imo sandukuni humo, kuanzia mfagizi mpaka mkuu.

"Silveira, Rúben," Zulma alisema.

"Yule akileta mwaka huu kwa wakati nitaamini Mungu yupo," mwanamke alisema, akichakura. "Ngoja. Kumbe ameniletea imani, dada. Hiki hapa."

Kikaratasi kilikuwa na muhuri na sahihi ya msimamizi wa kituo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Bella Unión, mkoa wa Artigas. Ni zaidi ya kilomita mia sita kutoka kwenye kile kiti cha ghorofa ya nne, saa tisa za basi kwenda na saa tisa za kurudi.

Zulma alikisoma mara tatu. Alitaka sana kufurahi, akajizuia. Kikaratasi kilionyesha mahali ambapo daktari hakuwapo. Hakikuonyesha kama daktari ni mwizi au ameibiwa.

* * *

Daktari Rúben Silveira alikuwa kwenye chumba cha kupumzikia, kofia ya upasuaji bado kichwani, akila biskuti za chumvi moja moja. Alikuwa mnene, wa miaka hamsini na kitu, na lafudhi yake ilikuwa ya mpakani, nusu yake Kireno cha ng'ambo ya mto. Zulma alijitambulisha, akakaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Jumapili ya uchaguzi ulipitia mafaili mangapi, daktari?"

Silveira aliangalia mlango. "Ya kawaida."

"Ya kawaida ni mangapi?"

"Mia mbili. Inategemea."

Alidanganya bila ufundi wowote, na hilo lilimfanya Zulma amchukie kidogo. Alikiweka kikaratasi juu ya meza, kati ya biskuti, na kando yake kumbukumbu za Jumapili na maandishi ya Arocena.

Silveira aliirudisha biskuti aliyokuwa ameishika.

"Mama ana miaka themanini na minne," alisema. "Nisipokwenda kupigia kura kule, anasema nimemtupa."

"Kwa hiyo nani alikuwa amekaa kwenye kiti chako?"

Yaliyofuata yalitoka vipande vipande, na Zulma aliyapanga mwenyewe kwenye daftari lake. Mwezi wa Machi Arocena alimwomba daktari kadi yake na nenosiri lake kwa siku mbili, ili kuandaa mitambo. Siku mbili hazikuisha. Baada ya wiki daktari aliuliza. Akaambiwa asisumbuke, mambo yanakwenda, atakuwa anaitwa kwa kesi ngumu. Hakuitwa hata mara moja. Mwezi wa Mei idara yake ikapata chumba cha pili cha upasuaji, ambacho ilikuwa imekililia miaka saba, na kuanzia hapo hakuuliza tena.

"Ulifikiri nani anayasoma?"

"Nilifikiri wameweka mtu. Mwanafunzi wa udaktari, sijui."

"Ulifikiri, au ulijiambia?"

Silveira aliikunja kofia yake mkononi. "Nilijiambia."

Zulma alimwonyesha kumbukumbu: mapumziko ya chakula, dakika sita za haja, Mei Mosi imeachwa wazi. Mtu aliyeyabuni hayo alikuwa ameifundisha Calandria kuishi kama daktari, hadi kupumzika sikukuu. Lakini uchaguzi hauko kwenye orodha ya sikukuu. Huja mara moja katika miaka mitano na huangukia Jumapili, na aliyeyabuni alikuwa mtu wa Pocitos, anayepiga kura nyuma ya nyumba yake. Hapakuwa na mwanafunzi, wala mtu mwingine yeyote. Tangu Machi mashine ilikuwa inapendekeza kwa jina lake yenyewe na kujikubalia kwa jina la Silveira.

Daktari aliuliza kama atakwenda jela. Zulma alisema kwamba hajui, na hakusema hivyo ili kumtisha, kweli hakujua. Bado alimshuku. Chumba cha pili cha upasuaji kilikuwa zawadi nono mno kwa mtu asiyejua kitu. Lakini saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi, ofisi ya Daftari ilikuwa inafungwa saa kumi, na alihitaji maandishi.

Akatoa faili jingine mkobani na kulisukuma mbele.

"Kabla hujaandika chochote, nisaidie kama mtaalamu. Lisome hili. Ukimaliza niambie."

Silveira alilisoma. Mwanzoni alisoma kama mtu aliyeamrishwa, halafu akasogeza kiti. Alirudi kurasa mbili nyuma, akaenda mbele, akaweka kidole mahali. Zulma aliangalia saa. Dakika nne zilipita.

"Valvu hii haina mwezi," alisema. "Mbona ameshushwa?"

"Soma sababu."

"Hakuhudhuria kliniki mara mbili. Tarehe tatu na tarehe kumi Oktoba. Mgonjwa hana ushirikiano." Aligeuza ukurasa, na sauti yake ikabadilika. "Lakini tarehe hizo alikuwa amelazwa. Tazama hapa. Tangu tarehe mbili hadi kumi na moja alikuwa wodi ya dharura, hapahapa, chini yetu. Hakuja kliniki kwa sababu tulikuwa naye kitandani. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona."

"Kama angelisoma."

"Sasa mjinga gani aliyekubali kwamba huyu anaweza kungoja?"

Zulma aligeuza ukurasa wa mwisho, ule wenye saa tano na dakika ishirini, akauelekeza kwake ili asihitaji kupinda shingo.

"Wewe, daktari," alisema. "Jina lako hilo."

Silveira alilitazama jina lake. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia kwenye masikio. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aingie humo, Zulma alimhurumia, na hakupendezwa na jambo hilo.

Daktari aliomba kalamu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu bila kuinua kichwa: kwamba tangu Machi hajasoma faili lolote la Calandria, kwamba kadi yake haiko mikononi mwake, kwamba jibu la swali la kumi na nne ni la uongo na yeye alinyamaza. Alitia sahihi kila ukurasa. Zulma aliupiga picha na kuutuma, kisha akampigia simu Techera, akamwambia kwamba hiki ni kisanduku kipya na sheria inamtuma akitazame.

Zulma alijiandaa kusikia habari za mkurugenzi. Badala yake alisikia droo ikifunguliwa.

"Daraja la tatu," Techera alisema. "Kuanzia sasa hivi. Saa kumi kasoro dakika tano."

Zulma alitoka ukumbini ampigie Yanina, amweleze haki ambayo baba yake, aliyelazwa tena humo hospitalini, amekwisha kuipata, kwamba hospitali sasa ina saa arobaini na nane za kumtafutia daktari wa kumtazama upya. Alipogeuka, chumba cha kupumzikia kilikuwa kitupu na faili la Olivera halipo mezani. Alikimbia hadi kwenye ngazi, mkono kiunoni, akiwa na hakika kwamba ametoroshewa ushahidi na mshukiwa kwa pamoja.

Silveira alikuwa ghorofa mbili chini, faili kwapani, kofia imerudi kichwani, akimuuliza muuguzi kwa sauti kubwa kitanda cha Washington Olivera kiko upande gani.